Chanzo Pekee cha Bonde

Denver, 12 Julai 2018

Mpendwa Shangazi Perfilia,

Naomba baraka zako. Mimi sijambo, ila joto na kazi vimenikaba. Nakuandikia kwa mkono, kwa stempu niliyonunua mwenyewe, kwa sababu barua pepe za ofisini zinasomwa na watu, na wewe ukishika simu unapiga kelele mpaka jirani anajua nimekula nini. Kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Idara yetu ya mito imetoa agizo. Kuanzia Oktoba, ofisi zetu za mitoni hazitaruhusiwa kununua gazeti zenyewe kama zamani. Magazeti yote yanaingizwa kwenye mkataba mmoja na kampuni ya Virginia, ambayo inauza habari kwenye kompyuta, maelfu ya magazeti kwa mpigo. Zile nakala thelathini na nne za gazeti lako, La Compuerta, tunazopokea kila Alhamisi zitakatwa. Najua hali yako. Kaunti haikupi matangazo ya kisheria yanayokulisha kama huna wasomaji mia mbili waliolipia, na wewe unao mia mbili na kumi na tisa. Ukitutoa sisi, gazeti limekwisha.

Upo mlango mmoja tu. Agizo linasema gazeti likiwa chanzo pekee cha habari fulani, yaani habari hizo hazipatikani kwa muuzaji mwingine yeyote, idara inaweza kulinunua bila kushindanisha watu. Na anayeandika hizo sababu ni mimi. Nimeandika juu ya ule mstari wako wa "Maana yake". Nimeeleza kwamba tangazo la kuhamisha maji linatoka serikalini likiwa na namba za ramani tupu, na wewe unaandika chini yake, kwa herufi nzito, ni mfereji gani na ni maji ya nani, ili mwenye maji apate kupinga kabla siku zake hazijaisha. Nimesema hakuna gazeti lingine linalofanya hivyo. Kweli halipo.

Jaza fomu niliyoambatanisha, uirudishe kwa anwani ya ofisi. Na jambo la mwisho, nakuomba kwa jina la baba: mtu wa idara asijue wewe ni nani kwangu. Hairuhusiwi kununua kwa ndugu. Hapa mimi ni Haugen. Talaka ilichukua vyote ikaniachia jina la mtu, basi na lenyewe lifanye kazi kidogo.

Wako akupendaye,
Delfina


Cañada Mansa, New Mexico, 19 Julai 2018

Mwanangu Delfina,

Mungu akubariki, akufanye mwema, na akupunguzie woga.

Fomu nimejaza. Ina kurasa tisa. Wakati marehemu baba yako ananiachia gazeti hili mwaka 1977 tulisaini karatasi moja juu ya boneti ya gari. Swali la saba linauliza: "Je, habari zako zinapatikana kwa muuzaji mwingine yeyote?" Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kuhama. Nikaandika HAPANA, nikapiga mstari chini, halafu nikapiga mwingine.

Maximiano Trujillo alikuwepo, amekuja kusoma bure kama kawaida yake, ingawa nakala aliyolipia iko nyumbani. Akaniuliza, "Perfilia, hili tangazo la wiki hii la nani?"

"La kwako, mzee. Soma chini."

"Sijavaa miwani."

"Basi ungojee maji yako yaondoke ndiyo uvae?"

Kumbe kweli lilikuwa linagusa kona ya shamba lake, kule kwenye mierebi. Nilinyanyuka nikamwonyesha kwenye ramani ile kubwa ya ukutani. Unaikumbuka, ile baba yako aliyoijaza majina ya watu kwa penseli? Alivuta kofia, akaondoka mbio kwenda kuandika pingamizi, na hata kahawa akaiacha. Ndiyo kazi yangu hiyo. Kuandika habari za harusi na mbuzi waliopotea anaweza yeyote.

Kuhusu siri yako, nimeelewa. Sitamwambia mtu wa idara. Lakini inanichekesha kwamba ndugu ni kosa. Hapa kwetu usiponunua kwa ndugu ndiyo watu wanakusema.

Shangazi yako,
Perfilia


Denver, 3 Agosti 2018
Kumb. Na. ID/UN/2018/0447-B

Mhariri,
Gazeti la La Compuerta,
Cañada Mansa, New Mexico.

YAH: KUSUDIO LA KUNUNUA BILA USHINDANI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Idara inakusudia kununua usajili wa mwaka mmoja wa gazeti lako, nakala thelathini na nne, bila kushindanisha wazabuni, kwa sababu gazeti hili ndilo chanzo pekee cha habari za Bonde la Cañada Mansa zinazokidhi mahitaji ya Idara. Kusudio hili limetangazwa kwa umma leo. Mtu au kampuni yoyote inayoamini inaweza kutoa huduma hiyo hiyo inayo siku kumi na tano kuwasilisha maelezo yake kwa maandishi.

Katika kipindi hicho, mawasiliano kati ya Idara na msambazaji nje ya utaratibu rasmi hayaruhusiwi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
D. Haugen
Afisa Ununuzi


Cañada Mansa, 10 Agosti 2018

Ndugu Afisa D. Haugen,

Barua yako imefika. Namba yake ya kumbukumbu imenishinda kusoma kwa pumzi moja. Nimehusika na mada tajwa hapo juu mpaka nikachoka.

Sasa Afisa atoke nje kidogo, nataka kusema na mwanangu.

Delfina, nimesoma yale maneno, "chanzo pekee", nikayasoma tena. Miaka arobaini na moja hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo, si kaunti wala askofu. Nimeibandika barua karibu na dirisha. Watu wanaingia wanasoma, wanavua kofia. Bernarda wa posta kaniletea sufuria nzima ya pozole, ile supu ya mahindi na nyama, eti ya kupongeza. Pilipili zimeanza kuiva, nikikaanga nitakuwekea gunia.

Najua hatutakiwi kuandikiana siku hizi kumi na tano, kwa hiyo barua hii sijaiandika, na wewe hujaipata. Ila usiwe na wasiwasi kuhusu lile jambo. Nimekuwa mwangalifu sana. Hata nilipowapa watu habari njema sikumtaja Haugen popote.

Shangazi yako,
Perfilia


Denver, 24 Agosti 2018

Shangazi,

Naomba baraka zako, ingawa leo sijui nitazipokelea wapi.

"Sikumtaja Haugen popote." Nilipousoma mstari ule nilijiambia, aah, atakuwa amemwambia Bernarda tu. Sikujua kwamba umeuchapa.

Jumatatu Bwana Thornquist, mkuu wangu, aliniita. Ile kampuni ya Virginia imetupa huduma yake bure kwa mwezi mmoja, ya kujaribu. Kila asubuhi inamletea mezani kila habari nchini inayotaja jina la idara. Akanisogezea karatasi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona kitu cha ajabu sokoni.

"Delfina, Cañada Mansa ni wapi?"

"New Mexico, bwana."

"Na Eliseo ni nani?"

Nikaangalia ile karatasi. Ilikuwa ni safu yako ya Walio Mbali. Nanukuu, maana nimeikariri: "Delfina, binti wa marehemu Eliseo wetu, ambaye ni afisa ununuzi wa idara ya mito huko Denver, amehakikisha wakubwa wataendelea kulisoma gazeti hili la shangazi yake. Damu yetu haijatusahau."

Shangazi, Delfina yupo mmoja tu idara nzima.

Nimeondolewa kwenye lile faili. Nimeandikiwa onyo, na wamesema nishukuru ni onyo tu. Hilo nitalibeba, nililitafuta mwenyewe. Lakini lipo baya zaidi. Bwana Thornquist aliniuliza, kwa upole kabisa: "Kama gazeti hili haliwezi kupatikana kwa mtu mwingine, hawa wa Virginia wamelipataje?"

Jibu nalitafuta kwako. Wewe unalo? Uliwahi kusaini chochote na hao watu? Nieleze ukweli, hata kama ni wa aibu. Nimekasirika, shangazi, na ninakuhurumia, na vyote viwili vinanichosha.

Delfina


Cañada Mansa, 30 Agosti 2018

Mwanangu,

Nilidhani siri ni ya huko kwenu. Safu ya Walio Mbali ni ya humu bondeni. Ofisi zenu za mitoni ninazijua, wanasoma ukurasa wa vina vya maji, halafu gazeti wanafungia mayai. Miaka yote nimeandika nani amepata kazi wapi na nani amehitimu. Ningeandika wa watu wote halafu nikunyime wewe? Wangesema shangazi ana wivu. Nilifurahi, Delfina. Furaha ndiyo iliyoniponza.

Sasa la pili. Nimepekua makabati siku mbili. Mwaka 2010 alikuja mwanamke mmoja, mpole, amevaa viatu visivyofaa matope. Akasema kampuni yake, kumbe ndiyo hiyo ya Virginia, inataka kuhifadhi kurasa zangu zisije kupotea kwa moto au mafuriko. Badala ya malipo wangenipa mashine ya kunakilia kurasa. Mashine hiyo ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Kila Alhamisi naweka kurasa, inapiga mluzi, kurasa zinaenda. Nilidhani zinaenda kwenye ghala. Karatasi niliyosaini inasema "kuhifadhi na kusambaza". Neno la kwanza nililisoma. La pili sikulitilia maanani.

Kwa hiyo kwenye swali la saba nilidanganya bila kujua. Niambie nimwandikie nini huyo bwana wako. Nitamwambia kosa ni langu, wewe hukujua lolote. Nitapiga magoti kwa maandishi kama inaruhusiwa.

Perfilia


Denver, 4 Septemba 2018

Shangazi,

Baraka zako. Usimwandikie. Barua yoyote kutoka kwako sasa inaingia kwenye faili kama ushahidi kwamba ndugu bado wanazungumza. Kaa kimya tu. Nami nimekaa kimya, nasikia wanavyojadili meza ya pili.

Nilijaribu jambo moja. Nilimwambia anayeshika faili kwamba ile kampuni hainakili matangazo yako ya kisheria, inachukua habari tu, kwa hiyo mstari wa "Maana yake" haumo. Akaangalia. Ni kweli haumo. Akampelekea mwanasheria. Mwanasheria akajibu kwamba tangazo si habari, na maelezo ya chini ya tangazo si habari pia, kwa hiyo kutokuwepo kwake si upungufu. Mstari mmoja na nusu, Shangazi. Ndilo jibu lote.

Delfina


Denver, 21 Septemba 2018
Kumb. Na. ID/UN/2018/0447-D

Mhariri,
Gazeti la La Compuerta,
Cañada Mansa, New Mexico.

YAH: KUSITISHWA KWA KUSUDIO LA KUNUNUA

Rejea barua yetu ya tarehe 3 Agosti 2018.

Imebainika kuwa habari za gazeti lako zinapatikana kupitia kampuni inayosambaza kwa pamoja magazeti yote yanayohitajiwa na Idara. Hivyo kampuni hiyo ndiyo chanzo pekee cha habari za Bonde la Cañada Mansa zinazokidhi mahitaji ya Idara, na Idara inakusudia kununua kwake bila ushindani.

Iwapo unaamini unaweza kutoa huduma inayolingana, yaani magazeti yasiyopungua elfu tisa, unazo siku kumi na tano kuwasilisha maelezo yako.

Tunakushukuru kwa ushirikiano wa muda mrefu.

P. Thornquist
Mkuu wa Ununuzi


Cañada Mansa, 6 Desemba 2018

Mwanangu Delfina,

Mungu akubariki na akufanye mwema.

Samahani kwa kimya. Nilikuwa sina la kuandika, na mwandishi akikosa la kuandika afadhali akate kuni.

Toleo la mwisho lilitoka Alhamisi iliyopita. Nilijitahidi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wasomaji kumi na tano wa kufidia. Watu walinikaribisha, wakanipa kahawa na biskuti za biskochito, wakalia nami, lakini wote ni wasomaji tayari. Maximiano alitaka kulipia gazeti la pili kwa jina la ng'ombe wake. Nikamwambia kaunti inahesabu nyumba, haihesabu ng'ombe. Akasema, "Basi nitamhamisha kwenye nyumba yake." Karani wa kaunti ni yule binti wa Tranquilino niliyemsimamia ubatizo. Alilia alipokuwa ananisomea uamuzi. Nilimpa leso yangu.

Sasa matangazo yote ya bonde yatatoka kwenye gazeti la mjini, maili tisini kutoka hapa, ambalo hakuna anayelipata labda awe na mgonjwa hospitali. Chumba cha ofisi nimerudisha kwa mwenyewe. Ramani nimeikunja iko chini ya kitanda. Ile mashine walikuja kuichukua, kumbe nayo haikuwa yangu.

Macho yananisumbua. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, atanitazama tena Februari. Usije kwa ajili hiyo. Kuna theluji barabarani.

Shangazi yako,
Perfilia


Denver, 10 Januari 2019

Shangazi yangu,

Naomba baraka zako na nakutakia mwaka wenye mwanga kwenye hayo macho.

Sikiliza, nina habari moja njema. Kama adhabu wamenipa kazi asiyoitaka mtu: kila asubuhi napitia yale yanayoletwa na kompyuta ya Virginia, natenga yanayotuhusu na yasiyotuhusu. Mia mbili, mia tatu kwa siku. Na gazeti la mjini limo, pamoja na matangazo yake, maana lenyewe lilikuwa na mwanasheria wa kulisomea mkataba.

Basi nimeiambia ile kompyuta inikamatie kila kinachotaja Cañada Mansa. Ikitokea mtu anataka kugusa maji ya bonde, jina litajitokeza mbele yangu kabla hata gazeti halijafika hospitali, na nitakupigia siku hiyo hiyo, upige kelele unavyotaka. Siwezi kukurudishia gazeti. Hili naliweza. Waambie watu wasiwe na hofu, na wewe ulale.

Ninakupenda sana,
Delfina


Cañada Mansa, 14 Machi 2019

Delfina,

Mungu akubariki.

Jana ilikuja barua ya ofisi ya maji ya jimbo. Imekuja kwangu kwa sababu mimi ndiye katibu wa mfereji wetu. Wale warithi wa Abrán Ortega wanaoishi California wameuza haki zao zote za maji kwa watu wanaojenga nyumba za mapumziko kule juu. Unajua Abrán alikuwa na sehemu kubwa kuliko wote. Maji hayo hayataingia tena kwenye mfereji, yatachotwa huko huko juu. Kinachobaki hakitafika hata kwa Maximiano, sembuse shamba la baba yako.

Barua inasema ombi lilitangazwa mara tatu kama sheria inavyotaka, siku za kupinga zikaisha tarehe nne Machi, na "hakuna pingamizi lililopokelewa". Kwa hiyo limepitishwa. Nimeuliza kwa simu kama tunaweza kupinga sasa. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akasema, "Mama, siku zimepita."

Nauliza tu, sikulaumu. Kompyuta yako haikuona kitu?

Perfilia


Denver, 18 Machi 2019

Shangazi,

Kompyuta haikuona kitu, kwa sababu jina la Cañada Mansa halimo kwenye tangazo. Nililitafuta jana mpaka nikalipata. Lina namba tupu: kipande cha thelathini na moja, safu ya tisa mashariki, na majina ya kampuni. Mimi niliyeandika kurasa nne kumweleza Bwana Thornquist kwamba matangazo haya hayataji jina la mahali, nikaenda kuitegeshea kompyuta jina la mahali. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nadhani nilikuwa nataka tu kukupa kitu.

Ningeweza kuishia hapo, ungeniamini, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini siwezi.

Kompyuta haikuona, mimi niliona. Kila kipande ninachokipitia kinabaki na alama, jina langu na saa. Tangazo lile lilikuja kwenye fungu la kawaida tarehe 7 Februari, tarehe 14, na tarehe 21. Mara tatu lilifika mbele ya macho yangu. Mara tatu niliandika "halituhusu". Mara ya pili nililifungua kwa dakika mbili nzima, inaonyesha, kwa hiyo nililisoma. Ni maji ya mfereji niliojifunzia kuogelea, shangazi, mfereji uliopita mbele ya mlango wetu, na nililisoma nikalitupa.

Nimewauliza wanasheria wa jimbo, kwa simu yangu, kama kosa la mtumishi wa idara nyingine linaweza kufungua shauri upya. Wamesema tangazo lilikuwa sahihi kwa kila kipengele. Nimeuliza wengine wawili. Jibu ni lile lile.

Sijui niseme nini zaidi. Naomba baraka zako kama bado zipo.

Delfina


Cañada Mansa, 21 Machi 2019

Mwanangu,

Zipo. Mungu akubariki na akufanye mwema. Usiniulize tena swali la namna hiyo.

Nami nililisoma. Februari, kwa daktari wa macho mjini, gazeti lilikuwa mezani. Nilivaa miwani miwili, nikaenda moja kwa moja kwenye matangazo kama nilivyozoea, nikaona kipande cha thelathini na moja. Nikanyanyua kichwa kutafuta ramani. Ukutani palikuwa na zile herufi za kupimia macho. Nikajaribu kukumbuka thelathini na moja ni kwa nani, nikashindwa, wakaniita ndani. Nilipotoka mtu mwingine alikuwa amelichukua gazeti. Nikajiambia, kama lingekuwa letu Delfina angepiga. Na wewe huko ulijiambia vyako. Kama unadhani natunga ili nikufariji, fikiri unavyotaka, mimi sijawahi kuandika uongo isipokuwa kwenye swali la saba.

Sasa nisikilize, maana nina shida, na sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi ya tarehe thelathini ni siku ya kusafisha mfereji. Watakuja wote kama kila Machi, na mwaka huu hata vijana waliohamia mjini wamesema wanakuja. Maximiano ameshanoa majembe ya watu wanne. Bernarda ananiuliza tupike maharage kiasi gani. Barua ya serikali ilikuja kwangu, kwa hiyo mpaka leo tunaojua ni mimi na wewe tu. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia Maximiano, anakuja, anakaa, anakunywa kahawa, ananisimulia atakavyopanda mahindi kule kwenye mierebi, na mimi namwongezea sukari.

Nimewapa watu hawa habari kwa miaka arobaini na moja. Vifo, mafuriko, watoto wao waliouawa vitani. Lakini nilichapa tu. Kila mtu alisoma nyumbani kwake, mlango umefungwa, na tulipokutana alikuwa ameshajua. Sijawahi hata mara moja kumtazama mtu usoni na kumwambia. Sijui inafanywaje.

Njoo, Delfina. Ijumaa usiku barabara itakuwa nzuri. Njoo usimame karibu nami pale kwenye lango la maji, maana watakuwa watu arobaini na majembe mkononi, na mimi bado sijui kama niwaambie kabla hawajaanza kuchimba au niwaache kwanza wamalize.

Shangazi yako,
Perfilia